Piano Zilizookolewa Jalalani

Mwaka 1935, kijana mmoja wa familia tajiri ya New York alikuwa akiulizia mjini Chicago habari za mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni. Alimjua kwa santuri moja tu. Katika santuri hiyo mpiga piano Meade Lux Lewis alikuwa amepiga kibao kiitwacho "Honky Tonk Train Blues": mkono wa kushoto unatembeza magurudumu ya treni bila kupumzika, wa kulia unapiga king'ora, unagonga kengele, unachelewa makusudi, kisha unauwahi ule wa kushoto pale unapodhani safari imeharibika. Kampuni ya Paramount ilikirekodi Desemba 1927, ikakiuza kwa wateja weusi wa Marekani, halafu mdororo wa uchumi ukaimaliza. Mpigaji akatokomea.

Kijana huyo, John Hammond, alipata jibu kwa Albert Ammons, mpiga piano aliyekuwa akifanya kazi katika klabu ya usiku mjini humo. Ammons alimfahamu Lewis tangu ujana wao, na waliwahi kuendesha teksi pamoja. Lewis alikuwa hai, alikuwa hapohapo Chicago, na kazi yake ilikuwa kuosha magari. Novemba mwaka huo alikalishwa tena mbele ya piano akakirekodi upya kibao chake. Tarehe 23 Desemba 1938 alipanda jukwaa la Carnegie Hall, New York, pamoja na Ammons na mpiga piano mwingine, Pete Johnson, katika tamasha lililoandaliwa na Hammond. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mhamiaji kutoka Berlin, Alfred Lion. Tarehe 6 Januari 1939, wiki mbili tu baadaye, Lion aliwaingiza Lewis na Ammons studioni, na kampuni ya Blue Note ikazaliwa.

Fuatilia mnyororo huo kwa kurudi nyuma. Blue Note, ambayo baadaye iliwarekodi Thelonious Monk, Bud Powell, Horace Silver na Herbie Hancock, ilichipuka katika tamasha. Tamasha lilimpata Lewis kwa kuwa kuna mtu aliyemtafuta. Naye alimtafuta kwa sababu nakala ya santuri yake ilinusurika, wakati duka lilishaisahau na kampuni iliyoitoa haikuwa na haja nayo tena. Hapo ndipo ninapoiona heshima ya kukusanya santuri za kale za piano ya jazz. Wengi huiona kuwa ni starehe ya wenye nafasi, watu wa kushindana nani ana kitu ambacho mwenzake hana. Wapo wa namna hiyo. Lakini ukweli wa historia ni kwamba kampuni zilizourekodi muziki huu ziliutupa, na walioutunza ni wasikilizaji.

Piano yenyewe ilikuwa mzigo kwa mitambo ya zamani. Hadi mwaka 1925 studio za Marekani zilirekodi bila maikrofoni. Mwanamuziki alipiga mbele ya parapanda kubwa, mtikisiko wa sauti ukasukuma sindano, na sindano ikachora mfereji juu ya bamba la nta. Tarumbeta ilipenya. Banjo ilipenya. Waimbaji wenye vifua vipana walipenya. Piano ilipoteza nusu ya mwili wake njiani: noti za chini zilififia, za juu zilitoka nyembamba, na pigo zito la ghafla lingeweza kuharibu bamba zima. Tena santuri ya kawaida ya inchi 10 ilichukua kama dakika tatu tu kwa upande. Mtu aliyezoea kupiga hadi alfajiri katika karamu za Harlem, zile ambazo mwenye chumba alitoza wageni kiingilio ili apate kodi ya nyumba, alitakiwa aseme yote aliyonayo ndani ya dakika hizo tatu.

Sikiliza basi "Carolina Shout", ambayo James P. Johnson aliirekodi Oktoba 1921 kwa kampuni ya OKeh. Mtindo wake ni straidi. Mkono wa kushoto unashuka chini kabisa kuchukua noti moja nzito, unaruka katikati kugonga noti kadhaa kwa pamoja, unashuka tena, na haukosei njia. Wa kulia unaitikia, unabisha, unacheka. Rekodi ni ya parapanda, sauti imebanwa, na bado mtu anajikuta ametikisa mguu. Nimeisikiliza katika nakala safi na katika nakala zilizochakaa hadi piano inasikika kama iko nyuma ya mvua, na sijawahi kuichoka.

Kabla ya santuri kushika soko, piano ilisafiri kwa njia nyingine: karatasi ndefu zilizotobolewa matundu, zikafungwa ndani ya piano inayojipiga yenyewe. Johnson alitengeneza karatasi ya "Carolina Shout" pia. Kule Washington, kijana Duke Ellington aliipunguza mwendo, akaangalia vibao vya piano vinavyozama kimoja baada ya kingine, akavifuata kwa vidole hadi akaijua. Johnson alipopita Washington mwaka 1921, Ellington aliipiga mbele yake. Mpiga piano Fats Waller naye alijifunza kwa kuangalia vibao hivyo kabla Johnson hajamchukua kuwa mwanafunzi wake. Wakusanyaji wa karatasi hizo wapo hadi leo, na wanastahili makala yao.

Upande wa magharibi ya kati, mahali pa kwanza mkusanyaji anapopataja ni mji mdogo wa Richmond, Indiana. Huko kiwanda cha piano cha Starr kilikuwa na tawi la kurekodi, Gennett. Studio ilijengwa pembeni ya reli, na treni ilipokaribia, kazi ilisimama hadi ipite. Aprili 1923 bendi ya King Oliver ilirekodi hapo, kijana Louis Armstrong akiwa kwenye koneti ya pili. Julai mwaka huo aliingia Jelly Roll Morton wa New Orleans, mtu aliyejitangaza bila haya kuwa ndiye aliyeivumbua jazz. Dai hilo haliwezi kuwa kweli. Lakini ukizisikiliza piano zake za pekee za Gennett, za mwaka 1923 na za Juni 1924, kama "King Porter Stomp", "Grandpa's Spells" na "The Pearls", unaelewa kilichompa jeuri. Alikuwa na bendi nzima ndani ya vidole kumi: tromboni mkono wa kushoto, klarineti juu, na nafasi za ukimya alizozipanga yeye mwenyewe. Katika siku hizohizo za Julai alirekodi pia na bendi ya Wazungu, New Orleans Rhythm Kings, katika jimbo ambamo Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, lilikuwa na nguvu kubwa na ambamo Gennett yenyewe ilikubali kulichapia kundi hilo santuri zake kwa malipo. Mashine zilezile zilichapa chuki na zikachapa muziki wa watu waliochukiwa. Ukishika santuri ya Gennett mkononi unashika na habari hiyo.

Paramount ni kisa kichungu zaidi. Mmiliki wake alikuwa kiwanda cha viti cha Wisconsin. Kiwanda hicho kilitengeneza makabati ya gramafoni, kikaona faida ya kuwa na santuri za kuuzia makabati, na kuanzia 1922 kikajikita katika soko la weusi. Malighafi yake ilikuwa hafifu, hivyo hata nakala ambayo haijawahi kupigwa ina mchakacho mkubwa. Ila orodha ya waliopita hapo inatisha kwa uzuri: Jimmy Blythe na "Chicago Stomp" ya 1924, ambayo tayari ina mwendo wa bugi-wugi kabla ulimwengu haujaupa mtindo huo jina, Little Brother Montgomery na "Vicksburg Blues" ya 1930, na Lewis na treni yake. Biashara ilipokufa mwanzoni mwa miaka ya 1930, mabamba ya chuma ya kuchapia santuri yaliuzwa kama vyuma chakavu. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya muziki wa Paramount hakuna chanzo kingine popote duniani. Unaposikia kibao cha Paramount kwenye simu yako leo, unasikia nakala ya mtu fulani, iliyokwanguliwa na sindano ya mtu mwingine katika sebule ya Mississippi au Alabama, ikafichwa chini ya kitanda, ikanunuliwa na mkusanyaji aliyepita akibisha hodi nyumba kwa nyumba.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Santuri za wakati huo zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu anayefugwa kwenye miti ya India na Siam, ukachanganywa na unga wa mawe na masizi meusi. Msomaji wa pwani ana jamaa za santuri hizo karibu naye: mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV, na sauti yake ikarudi Unguja ikiwa imechapwa katika shelaki hiyohiyo. Mwaka 1942 njia za bahari zilikuwa hatarini na serikali ya Marekani ikabana matumizi ya shelaki kwa ajili ya mahitaji ya jeshi. Maduka yakaanza kumtaka mteja arudishe santuri kuukuu ili auziwe mpya, na kampeni za kukusanya santuri za zamani kwa ajili ya kusagwa zikaenea. Ni piano ngapi zilisagwa, haiwezekani kuhesabu. Zilizonusurika zilinusurika kwa sababu kuna mama aliyekataa kuitoa santuri aliyopewa na marehemu mumewe, au mwanafunzi aliyeziona za wazee kuwa mali.

Kufikia hapo wakusanyaji walishaanza kujipanga. Charles Delaunay alichapisha mjini Paris, mwaka 1936, orodha ya santuri za jazz iliyotaja nani alipiga nini na lini, kazi ambayo kampuni zenyewe hazikujali kuiandika. Mwingereza Brian Rust aliiendeleza kazi ya namna hiyo kwa miongo kadhaa. Mjini New York, duka la Commodore la Milt Gabler lilianza kutoa upya rekodi zilizotoweka. Dan Qualey, aliyekuwa mhudumu wa baa, alianzisha lebo ndogo ya Solo Art kwa ajili ya piano peke yake, na mwaka 1939 akamrekodi Jimmy Yancey. Yancey aliwafundisha kwa mfano akina Lewis na Ammons, lakini riziki yake aliipata kwa kutunza uwanja wa besiboli wa timu ya White Sox mjini Chicago. Nikipewa nafasi ya kumiliki santuri moja tu ya piano ya zamani, ningechagua ya Yancey. Hana haraka. Anaiacha noti isikike hadi mwisho, kisha anaitafakari inayofuata, na kila wimbo wake humalizikia mahali ambapo hukutarajia.

Sasa niseme jambo ambalo wasiokusanya hawalijui. Santuri ya piano ni ngumu kuipata ikiwa nzima kuliko santuri ya bendi, hata kama zote mbili zilichapwa kwa idadi ileile, kwa sababu piano haisamehe. Tundu la katikati likitobolewa kombo kwa upana wa unywele, santuri huzunguka ikiyumba na sauti hupanda na kushuka taratibu. Kwenye tarumbeta hutagundua, maana mpuliza tarumbeta mwenyewe huitikisa noti yake. Noti ya piano ikishagongwa haiwezi kuyumba. Ukisikia piano inayumba, ujue ni kosa la sahani, na ukishalisikia huwezi kuacha kulisikia. Kadhalika mikono mizito ya gramafoni na sindano za chuma, ambazo zilipaswa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja na watu wakazitumia mwezi mzima, zilikula kuta za mfereji hasa pale penye mapigo makubwa. Kwa hiyo pale ambapo Morton anagonga kwa furaha ndipo hasa panapotoa sauti ya kukwaruza. Mkusanyaji wa piano hujifunza kuinamisha santuri kwenye mwanga na kutafuta rangi ya kijivu ndani ya mifereji. Weusi unaong'aa ni habari njema. Kijivu ni sindano za watu waliotutangulia.

Mwendo nao ni mtihani. Tunazoea kusema santuri za shelaki huzunguka mara 78 kwa dakika, lakini kampuni nyingi za miaka ya 1920 hazikujifunga na namba hiyo. Ukiizungusha kwa mwendo usio wake, wimbo unahama na mpigaji anaonekana mwepesi au mzito kuliko alivyokuwa. Hapa piano humsaidia msikilizaji: vibao vyake vimefungwa sauti, hivyo mtu mwenye piano nyumbani anaweza kupima kama wimbo uko mahali pake, alimradi akumbuke kwamba piano ya studio nayo huenda haikuwa imewekwa sauti sawasawa. Baadhi ya wakusanyaji wamebishana kwa miaka kuhusu nusu noti moja, na mimi siwacheki. Nusu noti hiyo ndiyo tofauti kati ya kumsikia mtu na kumsikia mtu anayemuigiza.

Usafishaji una sharti moja kubwa: shelaki haipaswi kuguswa na spiriti, kwani spiriti huiyeyusha. Maji ya vuguvugu na sabuni laini vinatosha, lebo isiloweshwe, na sahani ikaushwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Zihifadhiwe zimesimama wima. Zikilazwa moja juu ya nyingine, ya chini hupasuka kwa uzito. Sindano ya LP, yaani santuri za vinaili za baadaye, haifai kwa santuri za 78, kwani mifereji ya shelaki ni mipana takriban mara tatu na sindano nyembamba itazama chini kabisa kusikiliza vumbi. Kwa anayeishi penye unyevu wa bahari, adui ni ukungu, hivyo bahasha za zamani za karatasi zilizoota madoa zibadilishwe, ila zisitupwe bila kusomwa. Muhuri wa duka na jina la mji ni sehemu ya historia ya sahani.

Bei? Santuri ya shelaki iliyotajwa zaidi ni ya Paramount, ya mwimbaji na mpiga gitaa Tommy Johnson, iliyonunuliwa mwaka 2013 kwenye mnada wa intaneti kwa zaidi ya dola 37,000. Piano kwa kawaida iko chini ya hapo kwa mbali, isipokuwa chache: duwa za Morton na King Oliver za mwaka 1924 zilizotolewa na lebo ya Autograph, au nyuso nane alizorekodi mpiga piano Earl Hines peke yake Desemba 1928 kwa QRS, kampuni ya karatasi za piano iliyojaribu bahati yake katika santuri kwa muda mfupi. Hines wa mwezi huo ni wa kushangaza. Siku chache kabla alikuwa amepiga na Armstrong "Weather Bird", piano na tarumbeta peke yake zikifukuzana. Katika nyuso za QRS anajifukuza mwenyewe. Mkono wa kushoto unavunja mwendo, unapotea, na unarudi kwa wakati. Gitaa la Mississippi limepata wasimuliaji wazuri wa hadithi zake, ndiyo maana bei imepanda. Piano haikubahatika hivyo, na kwa mtu mwenye masikio huo ni mlango ulioachwa wazi.

Mkusanyaji mashuhuri kuliko wote wa kizazi kilichopita, Joe Bussard wa Frederick, Maryland, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na santuri zipatazo 15,000 katika chumba cha chini cha nyumba yake. Alishikilia kwamba jazz ya kweli ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Sikubaliani naye hata kidogo, kwani hoja hiyo inamfuta mpiga piano Art Tatum, inamfuta Monk. Lakini Bussard alifanya jambo ambalo wengi wenye makabati hawalifanyi: aliyebisha mlango alikaribishwa, akapigiwa, na aliyeomba nakala alirekodiwa kanda. Mwingereza John R. T. Davies alikwenda mbali zaidi. Kabla ya kompyuta, alihamishia santuri kwenye utepe, akatafuta kila mlio wa ufa, na kuukwangua kwenye utepe kwa wembe, mmoja mmoja. Piano nyingi za miaka ya 1920 ambazo leo tunazisikia zikiwa safi zilipita chini ya mkono wake. Kukusanya kwa namna hii naweza kukuita utumishi.

Sheria nayo hatimaye imefungua mlango kidogo. Marekani ilipitisha mwaka 2018 sheria iliyoweka rekodi zote zilizotolewa kabla ya 1923 kuwa mali ya umma kuanzia 1 Januari 2022, na baada ya hapo mwaka mmoja mmoja unafunguliwa. "Carolina Shout" sasa ni ya kila mtu. Solo za kwanza za Morton zilifuata mwaka 2024. Morton hakuonja matunda yoyote ya uzee. Mwaka 1938 mtafiti wa muziki Alan Lomax alimkalisha mbele ya piano katika Maktaba ya Bunge mjini Washington na kumrekodi saa nyingi za muziki na masimulizi. Kazi hiyo ilitolewa kwa ukamilifu mwaka 2005. Mwenyewe alifia Los Angeles mwaka 1941, na kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi chama cha wapenzi wa jazz cha kusini mwa California kilipoliwekea mwaka 1950. James P. Johnson alifariki mwaka 1955. Jiwe lake liliwekwa mwaka 2009, nalo kwa michango ya wapenzi wa muziki wake.

Anayeanza na LP za miaka ya 1950 anaingia ulimwengu mwingine wenye alama zake. Kwenye santuri za Blue Note huangaliwa anwani iliyochapwa kwenye lebo, herufi RVG za fundi Rudy Van Gelder aliyerekodi sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, hadi 1959, na alama ndogo ya kiwanda inayofanana na sikio. Piano ya Van Gelder wengine huilaumu kuwa imefungiwa sandukuni, na lawama hiyo ina ukweli. Katika rafu hiyo yumo Jutta Hipp, Mjerumani wa Leipzig aliyehamia New York mwishoni mwa 1955, akarekodi santuri tatu za Blue Note mwaka 1956, kisha akaacha piano na kufanya kazi katika kiwanda cha nguo kwa miongo kadhaa. Nakala za kwanza za santuri zake leo zinauzwa kwa maelfu ya dola. Alifariki mwaka 2003. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa pengo lililopo kati ya thamani ya sahani na maisha ya aliyeipiga, na mkusanyaji anayefurahia bei bila kulifikiria pengo hilo amekosa nusu ya muziki.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna LP moja isiyopaswa kukosekana. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston wa Brooklyn, aliyelelewa na baba mfuasi wa mwanaharakati Marcus Garvey na kuwaenzi Ellington na Monk kama walimu, alikusanya bendi kubwa studioni New York: Max Roach, Yusef Lateef, Clark Terry, Freddie Hubbard, Babatunde Olatunji, kijana Ron Carter kwenye besi. Melba Liston aliupanga muziki. Langston Hughes aliandika maneno. Santuri iliitwa Uhuru Afrika, ikatolewa na kampuni ya Roulette, na sehemu zake zina majina kama "Uhuru Kwanza" na "Kucheza Blues". Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike humo, akachagua Kiswahili. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na mwaka 1964 serikali ya makaburu ikaipiga marufuku santuri hiyo Afrika Kusini. Piano ya Weston, nzito chini na yenye nafasi pana, ina damu ya Ellington, na Ellington alianzia kwenye matundu ya karatasi ya James P. Johnson.

Aliyesoma Kiswahili katika utangulizi wake ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo. Anatamka neno uhuru mwaka mmoja na wiki chache kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Wazee wa Makete wanamkumbuka kama mbunge wao, na wenye kumbukumbu nzuri bado wanasimulia hotuba zake. Wachache kati yao wanajua kwamba sauti yake ya ujana imechongwa katika santuri ambayo wakusanyaji wa Tokyo, Paris na New York wanaitafuta hadi leo.